Nani Alimkataza Mtoto Kuwa na Gramu 3200?

Muuguzi mmoja wa wodi ya wazazi ameniandikia kwa hasira. Mzani wao unasoma gramu, na kila akiingiza 3200 kwenye faili la mtoto mchanga, kompyuta inagoma: namba imezidi kiwango. Anauliza, aliyeamua hivyo ni daktari au ni kompyuta?

Aliyeamua ni msimamizi wa mfumo, yule kijana mnayempigia simu printa ikikwama.

Mfumo wao umejengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanza mwaka 2004 mikononi mwa Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, Indianapolis, pamoja na Hamish Fraser wa Partners In Health. Mizizi yake ina udongo wa kwetu. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilikuwa tayari kinaweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta, na mwaka 2006 OpenMRS ikaanza kazi Eldoret. Leo KenyaEMR na UgandaEMR ni watoto wake. Habari za seva, nywila na nakala za akiba naziruka, zinachosha. Raha yangu iko kwenye kamusi.

Jedwali la OpenMRS halina safu ya uzito wala ya joto. Kila kinachopimwa au kuulizwa hufunguliwa kwanza ingizo kwenye kamusi, nalo huitwa dhana. (Wapo wanaosema konsepti. Nabaki na dhana, ingawa hakuna anayetaka uzito wa mtoto udhaniwe.)

Ichukulie dhana kama nomino. Nomino ikishaingia kwenye ngeli, huburuta sentensi nzima nyuma yake: kiti kimevunjika, viti vimevunjika. Sema "kiti umevunjika" uone kama mtoto wa chekechea hatakucheka. Dhana nayo hupangiwa ngeli siku inapozaliwa: namba, tarehe, maandishi, au majibu ya kuchagua. Uzito uko kwenye ngeli ya namba, basi ukiandika "mzuri" unarudishwa. Matokeo ya kipimo cha malaria yako kwenye ngeli ya kuchagua, na majibu yenyewe, "chanya" na "hasi", ni dhana pia, zimo kwenye kamusi hiyohiyo. Tena, kama ilivyo kwa ngeli, wasemaji wakishalizoea neno huwezi kulihamisha. Taarifa ya mgonjwa mmoja tu ikishahifadhiwa chini ya dhana fulani, mfumo hautakuruhusu kuitoa kwenye namba na kuipeleka kwenye maandishi. Vighairi vipo, tusonge. Dhana iliyochakaa hustaafishwa bila kufutwa, ili mafaili ya zamani yaendelee kusomeka.

Dhana ya namba ina masharti zaidi. Msimamizi huijazia kiwango cha chini kabisa na cha juu kabisa, kizio chake, na kama inakubali desimali. Vituo vingi huazima kamusi ya CIEL, iliyoratibiwa na daktari Andrew Kanter wa Chuo Kikuu cha Columbia. Humo uzito ni dhana nambari 5089, kizio ni kilo, mwisho 250. Joto la mwili ni 5088, mwisho nyuzi 43, kwa hiyo mwenye kipimajoto cha Farenhaiti akiandika 98 naye anagomewa.

Sasa uhondo wenyewe. Kwenye hifadhidata, mstari wa mtoto yule utakuwa na 5089 na 3.2. Neno "kilo" halimo! Kilo imeandikwa mahali pamoja tu, kwenye kamusi. Msimamizi mwenye huruma akibadili "kilo" kuwa "gramu" na kupandisha mwisho hadi 6000, hakuna kengele itakayolia. Mtoto ataingia bila shida. Lakini kila mtu mzima wa kilo 70 aliyewahi kupimwa kituoni hapo atasomeka gramu 70, mzito kidogo tu kuliko yai, na dozi zinazokokotolewa kwa uzito zitafuata njia hiyohiyo. Akifungua dhana mpya ya uzito kwa gramu, chati ya ukuaji inayosoma 5089 haitamwona mtoto. Lililo salama ni fomu ya wodi ya wazazi kupokea gramu na kuzigawa kwa 1000 kabla ya kuhifadhi.

Huu ni uamuzi wa kitabibu, na haupaswi kuachiwa mtu mmoja kwa sababu tu ndiye mwenye nywila.

Kwa leo, dada, andika 3.2. Mfumo ukikataa desimali, kuna kisanduku ambacho msimamizi alisahau kukitia alama. Kesho mwombe akufungulie ukurasa wa dhana 5089, muusome pamoja, na ombi la fomu mpya liende likiwa na sahihi zenu wote wawili.