Ramani ya Damu Inachorwa kwa Damu ya Nani?

Mtu wa Nyamisati au Mbwera hahitaji kitabu ili kuitofautisha mikoko ya delta ya Rufiji. Jani la mkoko wenyewe lina kijincha kinachochoma. La mkandaa ni butu. Jani la mchu ukililamba unakuta chumvi, na mizizi ya mti huo imechomoza topeni kutafuta hewa. Hategemei alama moja. Anaangalia jani, mzizi, gome, tunda na mahali mti ulipoota, ndipo anataja jina: msikundazi, mlilana, mkomafi.

Setilaiti inayoipiga picha delta hiyo, yenye takriban hekta 53,000 za mikoko, sehemu kubwa ikiwa wilayani Kibiti, haijui jina hata moja. Kila nukta ya picha huja na tarakimu kadhaa za mwanga, mwingine usioonekana kwa macho yetu, na programu hukusanya pamoja nukta zinazofanana. Ukiiambia itafute makundi matano, itakupa matano. Ukitaka kumi, utapata kumi. Msikundazi wa kaskazini mwa delta, kwenye maji baridi ya mto na ambako mashamba ya mpunga yameumega msitu, unaweza kumezwa na kundi la jirani, na ramani ikatoka safi bila mti huo.

Maabara za damu zina tatizo hilohilo, ila zenyewe hazishughuliki na nukta za picha bali na seli.

Wengi wetu tunaijua CD4 kutokana na kliniki za VVU. Ni protini iliyo juu ya baadhi ya seli nyeupe. Ili kuzihesabu, damu huchanganywa na kingamwili zilizopakwa rangi inayong'aa, kila kingamwili ikinasa protini yake. Kisha seli hupitishwa moja moja mbele ya mwanga wa leza, maelfu kwa sekunde, na mashine huandika kila moja imeng'aa rangi gani na kwa kiasi gani. Zamani rangi zilikuwa mbili tatu. Mtaalamu alitazama wingu la nukta kwenye skrini, akalizungushia mpaka kwa mkono, kazi ikaisha.

Leo seli moja hupimwa alama, yaani protini za aina hiyo, 30 na zaidi. Ipo mashine inayotumia madini badala ya rangi: seli huunguzwa kwa gesi ya agoni yenye joto kali, kisha madini yaliyobaki hupimwa. Ukiwa na alama 40 na ukataka kuzitazama mbili mbili, una michoro 780 mbele yako, kwa damu ya mtu mmoja. Hapo mkono unachoka, na watu wawili hawachori mpaka uleule.

Ndipo programu zikaingia. Mwaka 2015 Sofie Van Gassen na wenzake wa Ghent, Ubelgiji, walitoa FlowSOM, iliyojengwa juu ya wazo la Mfini Teuvo Kohonen la mwaka 1982. Kwa kawaida hutandaza vituo 100, kila seli ikaenda kwenye kituo kinachofanana nayo zaidi, kisha vituo vinavyokaribiana vikaunganishwa. (Wataalamu wa takwimu watanisamehe, hesabu yenyewe ni ndefu.) Mwaka 2016 watafiti wawili wa Zurich walishindanisha mbinu 18, na FlowSOM ikawa miongoni mwa zilizofanya vizuri zaidi, tena kwa kasi.

Kasi hiyo hainishangazi sana. Ninachojiuliza ni ramani inachorwa kwa damu ya nani. Mwaka 2009 watafiti waliofanya kazi Mali walieleza kwamba watu wanaoishi penye malaria nyingi wana seli nyeupe za aina ya B za kumbukumbu nyingi zisizo na alama za CD21 wala CD27. Kwa mtu asiyewahi kuishi na malaria, seli hizo ni chache mno. Chora ramani kwa damu ya Ulaya pekee, kisha iletee damu ya mkazi wa delta: kundi hilo linaweza kutawanywa kwenye makundi jirani, na hakuna kengele itakayolia.

Mkoa wa Pwani, ilipo delta hiyo, una sababu ya kulijali jambo hili. Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara ilijaribu chanjo ya malaria ya PfSPZ, na Watanzania waliochanjwa walitoa kingamwili chache kuliko Wamarekani waliopewa chanjo hiyohiyo. Swali likawa kinga yao ilikuwaje hata kabla ya sindano. Watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, na wenzao wa Leiden, Uholanzi, walipima kwa ile mashine ya madini damu ya Watanzania wapatao 100 wenye afya njema. Mtindo wa maisha ulionekana kwenye seli: wenye maisha ya kijijini walikuwa na seli nyingi zaidi za kumbukumbu na za kutuliza kinga, wa mjini, seli nyingi zaidi ambazo hazijawahi kukutana na adui. Na hao wote ni wa nchi moja.

Kwa hiyo wachambuzi waangalifu huiomba kompyuta makundi mengi kuliko wanayoyatarajia, kisha hukaa na mtaalamu wa kinga kuyaunganisha moja moja, wakiangalia kila kundi lina alama zipi na limetoka kwa nani. Yanayokataa kuunganishwa hubaki na namba tu, kundi la 37 au la 62, mpaka mtu azioteshe seli zake maabara na kuona zinafanya nini.