Mtoto Mchanga Safarini: Blanketi Halizai Joto

Miongoni mwa maswali tunayoletewa na wasomaji wa Karagwe na Kyerwa, hakuna lirudilo mara nyingi kama hili: mzazi asiye na gari, aliyejifungulia Nyakahanga au Isingiro ilhali kwake ni Mabira au Murongo, amchukueje mwanawe nyumbani, na siku chache baadaye amrudisheje kliniki, maadamu vyombo vilivyopo ni Hiace iliyojaa na bodaboda? Wilaya hizi mbili, zilizokuwa moja mpaka mwaka 2012, zina vilima vinavyopita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na awahiye gari la alfajiri husafiri ndani ya ukungu na baridi ambayo hata mtu mzima mwenye koti huilalamikia.

Aghalabu safari huwa hivi. Mtoto huviringishwa mablanketi mawili, hufunikwa gubigubi kwa kitenge mpaka usoni, hushikwa baina ya mgongo wa dereva na kifua cha mama, beseni la nguo likining'inia pembeni, na bodaboda ikashika mteremko. Wakifika, bibi hufungua kitenge, akamwona mjukuu ametulia kimya, akasema, “Mungu asifiwe, hakulia wala hakutetemeka.” Utulivu huo ndio unitiao hofu, kwa sababu mtoto mchanga hatetemeki hata baridi ikimfikisha pabaya.

Mtu mzima akipatwa na baridi misuli yake hutetemeka na kuzaa joto. Mtoto mchanga hana uwezo huo, bali amejaaliwa hazina nyingine, nayo ni mafuta ya kahawia, yaliyowekwa baina ya mabega, shingoni, makwapani na kandokando ya figo. Ngozi ikihisi baridi, neva humwaga noradrenalini katika mafuta hayo, nayo huanza kuungua. Katika seli nyingine, nishati itokanayo na chakula hukamatwa na kuwekwa kwa kazi za mwili. Lakini mitokondria (vinu vya nishati vya seli) za mafuta ya kahawia zina protini ya pekee ifunguayo njia ya kando, nishati ikapita bila kukamatwa na kugeuka joto tupu, mfano wa kuni ziwakazo mekoni pasipo chungu juu yake, ambazo hazipiki kitu ila hupasha nyumba nzima. Na damu ipitayo hapo hulisambaza joto hilo mwilini. Ni hekima ya ajabu, lakini gharama yake ni kubwa, kwa kuwa uunguaji huo hula oksijeni na sukari ya damu, ambayo mtoto ana akiba yake ndogo. Na aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia hana hata mafuta yenyewe ya kutosha, kwani hukusanyika zaidi katika majuma ya mwisho ya mimba. Fauka ya hayo, ngozi yake, ikipimwa na uzito wake, ni pana zaidi ya maradufu kuliko yetu, na upepo wa pikipiki hulipokonya joto kila lizaliwapo. Sukari ikipungua mtoto hulegea, akilegea hanyonyi, na asiponyonya sukari huzidi kupungua. Hivyo ndivyo apoavyo kimya kimya, watu wakadhani amelala.

Blanketi halizai joto, hulihifadhi tu lililokwisha kuzaliwa; kifua cha mama hulizaa bila kukoma. Kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kulianza kutumiwa kama tiba mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, na tabibu Edgar Rey Sanabria, aliyekuwa na upungufu wa mashine za kupasha watoto joto. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021, uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambako Muhimbili ilishiriki, ulionyesha kwamba katika watoto wa uzito mdogo waliowekwa kifuani mara tu walipozaliwa, asilimia 12.0 walifariki ndani ya siku 28, dhidi ya asilimia 15.7 ya wale waliosubirishwa hadi hali zao zitulie. Utafiti huo ni wa wodini, lakini kifua ni kile kile barabarani.

Wafunikao uso ili upepo na jicho baya visimpate mtoto wajue kwamba kichwa chake ni karibu robo ya urefu wake, shingo haijakaza, na kidevu kikiangukia kifuani njia ya pumzi hujikunja bila mtu kuona. Wasemao asitoke kabla ya arobaini wana desturi yenye heshima yake, lakini kliniki si matembezi. Wasiostahili heshima yoyote ni walaghai wa magulioni na stendi, wauzao hirizi ya safari na dawa ya mchango ya kumnywesha mtoto kabla ya kupanda gari: figo na ini lake havijakomaa, dawa haina kipimo, tumbo likijaa mitishamba titi hukataliwa, na madhara yakitokea muuzaji haonekani tena. Huo si uganga, ni dhuluma.

Nasaha ni fupi. Msiondoke hospitali kabla ya saa 24 kupita tangu kujifungua, na subirini jua lipande. Hiace ni afadhali kuliko bodaboda, ambayo haina nafasi salama kwa mtoto mchanga. Mkilazimika, dereva aende polepole na asipakie mishikaki. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi, akae wima kifuani, ngozi kwa ngozi, uso upande, pua na mdomo wazi, kisha kitenge na koti viwafunge wote wawili. Ndani ya gari epukeni wanaokohoa na joto la injini. Gusa miguu na tumbo: miguu ikiwa baridi na tumbo lina joto, mkumbatie zaidi na umnyonyeshe; vyote vikiwa baridi, au akikataa titi, akipumua mbio au akipata degedege, nendeni hima kituo cha afya, au pigeni 115 bila malipo, namba ya mpango wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wazazi na watoto wachanga.

Nanyi akina baba, fedha mliyoiweka kwa ajili ya hirizi ilipieni kiti cha pili cha Hiace, mama apate nafasi ya kumkumbatia mwanawe bila kusongwa.