Kuota Upara na Kuzuia Upara: Ufafanuzi wa Dawa ya Finasteridi kwa Vijana wa Kiume wa Dodoma

Katika Kiswahili, upara huota. Husemwa kwamba fulani ameota upara, kana kwamba upara ni mmea unaochomoza taratibu utosini. Hata hivyo, kijana wa Dodoma anayefika kwa muuza dawa anaweza kulalamika kuwa nywele zake zinanyonyoka. Tofauti hii si ya kimtindo tu. Kila kitenzi hubeba maelezo yake kuhusu chanzo cha tatizo, na maelezo hayo huathiri dawa itakayotafutwa na wakati wa kuitafuta.

Kitenzi nyonyoka kinayafaa zaidi mapunye, yaani maambukizi ya fangasi ambayo hukata nywele kwa mabaka na hutibiwa yakaisha. Upara wa kurithi haufuati njia hiyo. Kimeng'enya kiitwacho 5-alfa-riduktesi hugeuza testosteroni kuwa dihidrotestosteroni, homoni ambayo kwa mwenye urithi huo husinyaza vishimo vya nywele vya paji na utosi. Kila mzunguko, unywele huota mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia. Kwa hiyo usemi wa mtaani, kuota upara, uko karibu zaidi na ukweli wa kibayolojia. Urithi wenyewe hutoka pande zote mbili za wazazi. Kijana anayemtazama baba yake pekee anaweza kujidanganya. Anayeyalaumu maji ya chumvi ya visima vya Dodoma naye anatafuta chanzo mahali pasipo.

Finasteridi hukizuia kimeng'enya hicho. Nchini Marekani iliidhinishwa mwaka 1992 kwa kipimo cha miligramu 5 kutibu uvimbe wa tezi dume, kisha mwaka 1997 kwa miligramu 1 dhidi ya upara wa wanaume. Katika majaribio ya miaka miwili, asilimia 83 ya waliomeza dawa hawakupungukiwa nywele, ikilinganishwa na asilimia 28 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Takwimu hizi zinaunga mkono kitenzi zuia. Kitenzi ponya hakina nafasi hapa. Manufaa huanza kuonekana baada ya miezi mitatu au zaidi, na mtumiaji akiacha, hupotea ndani ya miezi 12. Kishimo kilichokwisha kufa hakifufuki. Minoksidili ya kupaka, ambayo asili yake ni kidonge cha shinikizo la damu, hufanya kazi kwa njia nyingine, lakini nayo hudai matumizi yasiyokoma.

Ugumu mkubwa zaidi wa kiistilahi umo katika madhara. Maneno nguvu za kiume hujumuisha mambo matatu ambayo majaribio yaliyapima kila moja peke yake: hamu ya tendo, kusimama kwa uume na wingi wa shahawa. Moja au zaidi ya hayo liliripotiwa na asilimia 3.8 ya watumiaji, dhidi ya asilimia 2.1 ya wasiotumia. Anayeambiwa tu kwamba dawa "inapunguza nguvu za kiume" ataikimbia, au ataimeza na kuficha dalili kwa aibu. Aidha, Mei 2025 kamati ya usalama ya Wakala wa Dawa wa Ulaya ilithibitisha kuwa mawazo ya kujiua ni athari ya vidonge hivi. Jambo hilo halimo kabisa katika nguvu za kiume, hivyo lazima litajwe waziwazi.

Kipo pia kisu cha jikoni. Anayepata kidonge cha miligramu 5 hushawishika kukikata vipande vinne ili kupunguza gharama. Kidonge kizima kimefunikwa kwa utando; kikikatwa, unga wake huachwa wazi, na mjamzito hapaswi kuugusa, kwa sababu dawa inaweza kuharibu ukuaji wa viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume aliye tumboni. Maelezo ya Kiswahili yanayomhutubia mwanamume peke yake humwacha nje mke anayefuta meza ileile.