Nani Anayekuchagulia Mchumba?

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linalowahusu vijana wote wanaotafuta wachumba, na wazazi wao pia. Kijana akiulizwa, "Kwa nini umempenda huyu na si yule?" mara nyingi hujibu, "Nimempenda tu." Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Maana juu ya "nimempenda tu" hiyo watu hutoa mahari, hujenga nyumba, huzaa watoto, na wengine hulia miaka mingi. Basi tuulize: ni nani hasa anayetuchagulia?

Wataalamu wamelifikiri swali hili kwa muda mrefu. Mwaka 1871 Mwingereza Charles Darwin alitoa kitabu ambamo alieleza kwamba kwa viumbe wengi dume hupambwa kwa sababu jike ndiye achaguaye. Mkia wa tausi haumsaidii kupata chakula wala kujificha. Kazi yake ni kumpendeza jike. Wengi wa wakati wake hawakukubali. Walisema, ndege ataweza wapi kuchagua?

Ushahidi mmoja mzuri ulipatikana hapa hapa kwetu Kenya, katika nyanda za juu za Kinangop. Huko yuko ndege mweusi mwenye mabega mekundu. Wakati wa kuzaana dume huota mkia mrefu kupita kiasi, karibu nusu mita, naye huruka polepole juu ya nyasi ili aonekane. Mtaalamu kutoka Uswidi, Malte Andersson, aliwakamata madume 36. Baadhi yao aliwakata mikia, ikabaki kama sentimita 14. Vipande alivyokata akavigandisha kwa gundi kwenye mikia ya wengine, ikawa mirefu kuliko walivyoumbwa. Wengine aliwakata akawarudishia mikia yao wenyewe, ili ajue kama mkasi na gundi vilibadili lolote. Wengine hakuwakata kabisa. Kisha akahesabu viota vya majike katika eneo la kila dume.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1982. Madume waliorefushwa mikia walipata viota vipya vingi kuliko wenzao. Tena wale waliokatwa hawakushindwa kuyalinda maeneo yao. Kwa hiyo mkia ule haukuwa silaha ya kupigania. Ulikuwa pambo la kutazamwa.

Sasa angalieni jambo moja, wasikilizaji. Yule dume aliyerefushwa mkia hakuongezewa nguvu, wala afya, wala akili. Aliongezewa gundi na manyoya ya mwenzake. Hata hivyo majike walikuja.

Je, sisi wanadamu tuko vipi? Mwaka 1972 Mmarekani Robert Trivers alieleza kwamba yule anayebeba mzigo mkubwa zaidi wa kulea watoto ndiye mwenye kuchagua kwa uangalifu zaidi. Mara nyingi huyo ni jike, lakini si lazima. Katika ziwa Naivasha yuko ndege mwenye vidole virefu, atembeaye juu ya majani ya mayungiyungi. Kwao dume ndiye hulalia mayai na kuwabeba makinda chini ya mabawa yake, na majike ndio wanaogombania madume.

Halafu mtaalamu mwingine wa Marekani, David Buss, pamoja na wenzake, waliwauliza watu zaidi ya 10,000 katika nchi 33, zikiwamo Nigeria, Zambia na Afrika Kusini. Matokeo yalitoka mwaka 1989. Kwa jumla wanawake kuliko wanaume walijali uwezo wa mwenzi kupata mali, na wanaume kuliko wanawake walijali ujana na sura. Buss alieleza kwamba haya ni mazoea ya kale tuliyorithi. Mama wa zamani aliyepata mume wa kumsaidia, watoto wake waliweza kupona. Na ujana wa mke ulikuwa dalili ya miaka ya kuzaa. Mtu wa leo hafikiri hayo anapopenda. Ni kama ulimi unavyopenda utamu. Zamani asali ilikuwa adimu, na kuipenda kulikuwa na faida. Leo sukari imejaa dukani, na ulimi haujabadilika. Meno ndiyo yanayooza.

Lakini mazoea hayo si minyororo. Mwaka 1999 mabibi wawili, Alice Eagly na Wendy Wood, walizipima upya hesabu za Buss. Waliona kwamba katika nchi ambazo wanawake wana usawa zaidi, tofauti kama hiyo ya kutazama mali ilipungua. Uchunguzi wa mwaka 2020, katika nchi 45, uliziona tena zile tofauti za mali na sura, lakini haukuona kwamba usawa huzipunguza. Kilichoonekana wazi ni kwamba penye usawa zaidi watu huchagua wenzi wanaokaribiana nao kwa umri. Wataalamu wangali wanabishana.

Tena liko neno ambalo wengi hulisahau. Katika majibu yale ya 1989, wanaume kwa wanawake waliweka wema na akili mbele ya mali na mbele ya sura. Basi kila mtu anajua la maana; shida ni kwamba macho hutangulia. Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kumbukeni mtumishi wa Abrahamu alipotumwa kumtafutia Isaka mke. Rebeka alikuwa mzuri wa sura, na mtumishi alimwona. Lakini sura siyo iliyokata shauri. Alingoja aone kama msichana yule atampa maji mgeni asiyemjua, na kuwanywesha ngamia wake kumi pia. Kazi ya kuchota maji kwa ngamia kumi haigandishwi kwa gundi.

Kwa hiyo, kijana, usiyaonee haya macho yako yakivutwa. Hivyo ndivyo tulivyo. Ila usiyape macho kiti cha hakimu. Suti huazimwa, gari huazimwa, hata maneno matamu huazimwa. Mtazame mwenzako akiwa amechoka. Sikiliza anavyosema na mtumishi wa hoteli, na utingo wa matatu, na mama yake mzee. Angalia kama ahadi ndogo anaitimiza. Mambo haya yanataka miezi, si siku mbili.

Nanyi wazazi, msimpime mkwe kwa mifuko peke yake. Anayekuja na ng'ombe wengi aweza kuwa na mkia wa kubandikwa. Ulizeni majirani zake anavyoishi nao kabla ya kuuliza ana ekari ngapi.

Gundi hushika kwa msimu mmoja, na kwa ndege wa Kinangop msimu mmoja watosha. Ndoa ni ya misimu mingi.