Je, Wajua? Ng'ombe wa Mugumu Amemzidi Ubongo Mjusi wa Tendaguru

Je, wajua kwamba mchimbaji wa Nyamongo, hata achimbe mpaka maji yamfukuze shimoni, hatakutana na mfupa wa dinosaria? Miamba yenye dhahabu ya Tarime ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Dinosaria wamekuja juzi tu, kama miaka milioni 240 iliyopita. Anayetaka mifupa yao na afunge safari ya Lindi.

Je, wajua kwamba huko Lindi, kwenye kilima cha Tendaguru, Wajerumani Werner Janensch na Edwin Hennig walianzisha uchimbaji mwaka 1909, ukaendelea hadi 1913? Sululu zilishikwa na mamia ya Waafrika, na mizigo ilifika bandarini juu ya vichwa na mabega yao. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, aliijua mifupa ile kwa mikono yake mwenyewe. Wanafunzi wetu wangapi wamewahi kulisikia jina hilo?

Je, wajua kwamba yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, Giraffatitan brancai, aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937 na ambaye kwa mkao wake wa sasa ana kimo cha mita 13.27, alikuwa na nafasi ya ubongo ya takriban sentimita za ujazo 300? Hiyo ni chupa moja ya soda, kwa mnyama aliyezidi tani 20. Ng'ombe unayemkuta mnadani Mugumu ana ubongo wa gramu 450 hivi.

Ubongo huoza, sasa vipimo hivi vimetoka wapi? Jaribu mwenyewe. Omba fuvu la ng'ombe kwa mwenye bucha, lichemshe na kulisafisha hadi libaki jeupe na tupu ndani, kisha ligeuze: nyuma utaona tundu kubwa ambamo uti wa mgongo ulipita. Ziba kwa pamba vitundu vidogo vya mishipa ya fahamu, mimina ulezi kwenye lile tundu kubwa huku ukitikisa, ujaze hadi pomoni, halafu umwage ule ulezi kwenye jagi lenye vipimo. Wataalamu wa zamani walipima hivyo hivyo, kwa mbegu au kwa gololi ndogo za risasi. Siku hizi fuvu la mawe huingizwa kwenye CT-Scan kama mgonjwa, na kompyuta ikachora umbo la uwazi wote, pamoja na njia za mishipa na mirija ya sikio la ndani. (Fuvu la nyumbu ndani ya hifadhi liache lilipo. Askari hatakuelewa ukimwambia unapima ubongo.)

Lakini je, wajua kwamba jagi hilo linaweza kudanganya? Ndugu wa dinosaria walio hai leo ni ndege na mamba. Ubongo wa ndege wengi hujaza fuvu karibu lote. Mamba mzee wa Mto Mara ni kinyume: kadiri anavyokua ndivyo ubongo unavyoachwa nafasi, na sehemu kubwa ya uwazi ule hushikwa na utando, damu na majimaji. Kwa hiyo zile sentimita 300 za mjusi wetu ni kipimo cha chumba, na mwenye chumba pengine alikuwa mdogo zaidi.

Ugomvi wa Tyrannosaurus rex ulianzia hapo hapo. Mwaka 2023 mtafiti Mbrazili Suzana Herculano-Houzel alipiga hesabu za seli za neva, akasema jitu hilo lilikuwa nazo kwa mabilioni, kiasi cha nyani. Mwaka 2024 Kai Caspar na wenzake wakazipunguza sana hesabu hizo: walisema nafasi ya ubongo ilikuwa imekadiriwa kupita kiasi, na akili ya mnyama huyo ilielekea zaidi kwa mamba. Mimi nawaunga mkono hao wa pili. Ila anayedhani kufananishwa na mamba ni tusi, aende Kogatende, kwenye Mto Mara, msimu nyumbu wanapovuka, aone mamba anavyojua pa kusubiri.

Je, wajua hadithi ya ubongo wa pili? Kentrosaurus wa Tendaguru, mwenye miiba mgongoni, na binamu yake Stegosaurus wa Marekani walikuwa na uwazi mkubwa kwenye mifupa ya nyonga, watu wakadai kuna ubongo wa kuendeshea mkia. Ndege wana uwazi wa aina hiyo hadi leo, na ndani yake mna akiba ya sukari ya mwili. Fikra hamna.

Anayenivutia mimi ni mdogo wao, Dysalotosaurus lettowvorbecki, aliyepewa jina la jenerali wa Kijerumani aliyewasumbua Waingereza nchini humu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mifupa yake ilikutwa kwa maelfu mahali pamoja, wakubwa kwa watoto, jambo adimu mno. Mwaka 2013 Stephan Lautenschlager na Tom Hübner walilinganisha fuvu la mtoto wa miaka kama 3 na la mkubwa aliyepita miaka 12. Ubongo ulibadilika umbo kadiri mnyama alivyokua, lakini sehemu za kusikia na za utambuzi zilikuwa tayari zimekomaa kwa mtoto. Huenda hakuhitaji kulelewa sana.

Je, wajua kwamba mwaka 2016 wanasayansi walitangaza jiwe dogo la Bexhill, Uingereza, lenye mabaki ya tishu za ubongo wa dinosaria? Lina miaka milioni 133.

Na je, wajua kwamba dinosaria kadhaa wasiokuwa ndege walikuwa na ubongo mkubwa, kwa kulinganisha na mwili, sawa na wa Archaeopteryx, yule ndege wa kale, au kumzidi? Hayo yalionekana mwaka 2013, na maana yake matayarisho ya kuruka yalianza kabla ya kuruka kwenyewe.

Kunguru anayekuibia dagaa sokoni Tarime ni mzao wa ukoo huo. Utafiti wa 2016 ulionyesha kwamba seli za neva za jamii yake zimesongamana kuliko hata za nyani wenye ubongo wa uzito uleule. Mbuni wa Serengeti hakubahatika hivyo: ubongo wake ni gramu 40 hivi, na jicho lina kipenyo cha sentimita 5. Ila kichwa hafichi mchangani. Huinama kugeuza mayai.