Mashine ya kusaga matawi: kwanza tazama mlima

Mkulima wa Bungu akipogoa migrevilea yake hubaki na rundo la matawi shambani. Ikiwa ana trekta, atavutiwa na ile mashine inayofungwa nyuma yake na kuyasaga matawi kuwa vipande vidogo. Vipande hivyo hutandazwa chini ya kahawa au migomba, udongo ukatunza maji. Lakini kabla ya kulipa, na aangalie mambo matatu.

La kwanza ni nguvu. Mashine nyingi za aina hii huendeshwa na shafti ya nyuma ya trekta, kwa mizunguko 540 kwa dakika. Inayomeza tawi la inchi 4 hutosheka na trekta dogo. Ya inchi 8 hutaka kubwa. Hata hivyo, huku kwetu tawi nene ni kuni, halisagwi. Basi mdomo mdogo unatosha.

La pili ni mlima. Katika mteremko mkali trekta huweza kupinduka na kumwua dereva. Mashine ikae kando ya barabara, mahali tambarare, matawi yapelekwe huko.

La tatu ni usalama. Shafti iwe na kifuniko chake, na mdomo uwe mrefu hata mkono usifikie visu. Kanga au shati likinaswa na shafti, mwenyewe huvutwa pamoja nalo. Muuzaji akisema kifuniko si lazima, ondoka. Mashine hununuliwa, mkono haununuliwi.