Mstari Ulio Ndani ya Mabano

Fungua Biblia ya Kiswahili ya Union Version, ile ya 1952 ambayo hapa Ekerenyo haikosi mkobani mwa akina mama waendao kanisani Sabato, uangalie Mathayo 17:21. Mstari huo wa kusali na kufunga umetiwa mabano. Nenda Matendo 8:37, pale towashi wa Kushi anapokiri imani kabla ya kubatizwa: mabano tena. Wengi wetu tumeisoma mistari hiyo tangu utotoni bila kuuliza.

Vijana wa darasa langu la Shule ya Sabato waliuliza. Mmoja wao ni mwendesha bodaboda, na stejini kwao hakuna habari isiyofika. Alikuwa na video kwenye simu inayodai kwamba Mfalme Konstantino aliwakusanya maaskofu Nikea mwaka 325, wakaiandika Biblia upya walivyotaka na kuchoma iliyobaki. "Mwalimu," akaniambia, "mabano haya si ndiyo ushahidi kwamba kuna mtu alitia mkono?"

Mikono iliyotiwa ni mingi, nikamjibu. Kisha nikamletea madaftari.

Mimi ni karani wa kanisa. Ndani ya sanduku la bati tunaweka madaftari mawili ya ubatizo: la zamani, ambalo mchwa wamelila pembeni, na jipya, ambalo karani aliyenitangulia alilinakili kutoka kwa lile la kwanza. Yaweke sambamba uone. Katika la zamani, Kemunto na Moraa wamefuatana, na mistari yao yote miwili inaishia na jina la kijiji kimoja. Jicho la karani lilitoka kwenye kijiji cha mstari wa kwanza, likarudi kwenye kijiji cha mstari wa pili, na Moraa akapotea kanisani bila kutenda dhambi yoyote. Kurasa chache mbele, mtu alikuwa ameandika kwa penseli pembeni kwamba dada fulani alihamia Sotik. Katika daftari jipya maneno hayo yameingia ndani ya mstari wenyewe, kwa wino, ikawa kana kwamba dada huyo alibatiziwa Sotik. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Na ningekuwa na lile jipya peke yake, safi, lenye mwandiko mzuri, nisingeshuku lolote.

Wanaochunguza nakala za kale za Agano Jipya hukutana na makosa ya namna hiyo kila siku: mstari ulioruka, maelezo ya pembeni yaliyoingia ndani. Malaika anayeyatibua maji ya birika katika Yohana 5:4 hayumo katika nakala za kale zaidi, na wengi wanaona aliingia kwa njia ya penseli ile ya Sotik.

Kutambua haya kunawezekana kwa sababu nakala ni nyingi. Za Kigiriki peke yake zinapita 5,000. Hapa niwaonye wahubiri wenzangu wanaopenda kuitangaza hesabu hiyo kwa sauti ya ushindi: sehemu kubwa ya nakala hizo iliandikwa baada ya karne ya 9. Zile za mwanzo ni chache, nyingi ni vipande tu, na ndizo zenye uzito.

Ziliandikwa juu ya mafunjo. Ukishuka Kendu Bay, kule Arthur Carscallen na Peter Nyambo walikofikia mwaka 1906 kuanzisha misheni ya Gendia, utayaona mafunjo ufukweni na watu wakiyasukia mikeka. Wamisri waliuchana mmea huohuo kuwa vipande vyembamba, wakavipanga safu mbili zilizokingamana, wakavigandamiza hadi vikawa karatasi iitwayo papirasi. Kipande kimoja cha karatasi hiyo, chenye maneno ya Yohana 18, kipo Manchester, Uingereza. Kina sentimita kama 9 kwa 6, kimeandikwa pande zote mbili, na kilitangazwa mwaka 1935. Mimbarini utasikia kwamba ni cha mwaka 125. Wataalamu wa miandiko siku hizi wana tahadhari zaidi: huenda ni cha wakati wowote katika karne ya 2, na wapo wanaokisogeza hadi ya 3. Sipendi mtu akiutaja mwaka kama aliyekuwapo.

Hoja inayonigusa zaidi haitajwi sana. Kuna papirasi ya Luka na Yohana iitwayo P75, iliyochapishwa 1961, ambayo wengi wanaiweka mwanzoni mwa karne ya 3, ingawa wapo wanaotaka kuisogeza mbele. Ilipolinganishwa na Kodeksi ya Vatikano, nakala ya Biblia ya karne ya 4, maneno yalikaribiana mno. Kama tarehe ya wengi ni sahihi, basi kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja kuna watu walionakili kwa uangalifu mkubwa, na Nikea ikapita katikati yao bila kuacha alama. Kanuni 20 za mkutano ule hazina orodha ya vitabu vya Biblia. Orodha ya vitabu 27 tunavyovijua leo ilitolewa na Athanasio wa Aleksandria katika waraka wake wa mwaka 367.

Tena Konstantino hakutawala kila mahali. Jirani zetu Waethiopia, katika monasteri ya Abba Garima karibu na Adwa, wana Injili za Kige'ez zilizoandikwa juu ya ngozi, na vipimo vya kaboni vimeziweka kati ya karne ya 4 na ya 7. Milki ya Aksum haikuwa chini ya Roma. Aliyetaka kubadili kila kitabu ingembidi apande na milima ile.

Sasa yale mabano. Mathayo 17:21 na Matendo 8:37 hazimo katika Kodeksi ya Vatikano wala ya Sinai, mbili kati ya nakala kuu za kale. Kodeksi hizo mbili zinaimaliza Injili ya Marko kwenye 16:8, wanawake wakikimbia kaburini kwa hofu. Kisa cha mwanamke aliyefumaniwa katika Yohana 8 pia hakimo. Waliotutilia mabano walitutendea haki, na mchungaji anayeyapita kimyakimya anamwachia mwenye video kazi ya kuyaeleza.

Wazee fulani walinung'unika kwamba ninawatia vijana mashaka. Niliwafungulia Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa letu la Waadventista. Katika *Maandiko ya Awali*, kitabu kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1882, anasema Mungu aliilinda Biblia kwa namna ya pekee, lakini nakala zilipokuwa chache, wasomi walibadili maneno mahali kadhaa wakidhani wanayaweka wazi zaidi. Hapo mjadala ulipoa.

Lakini yote haya yanaonyesha jambo moja tu: kwamba tunachosoma kinakaribia sana kile kilichoandikwa. Kama kilichoandikwa ni kweli, hilo ni swali jingine, na papirasi hailijibu. Paulo aliwaandikia Wakorintho yapata mwaka 54 au 55, kama miaka 25 hivi baada ya msalaba, akiwataja watu waliomwona Yesu amefufuka na kusema wengi wao wangali hai. Huo ni ushahidi wa karibu, unaoweza kupimwa kama ushahidi mwingine wowote. Mimi nimeupima nikaamini. Mwalimu mwenzangu wa hisabati ameupima akabaki na yake, na chai tunakunywa pamoja.

Katika maswali yasiyo na jibu, Waebrania nayo huleta kelele darasani. Biblia nyingi za zamani zimeandika juu yake kwamba ni waraka wa Paulo, ilhali ndani ya waraka wenyewe jina lake halimo. Origeni, katika karne ya 3, alisema kwamba aliyeuandika hasa Mungu ndiye ajuaye. Alikuwa akiuhubiri waraka huohuo aliposema hivyo.